Nampimia Baba pombe ili asianguke, ndugu zangu wanasema namuua

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Ninakuandikia usiku, Baba akiwa amelala, kwa kuwa ndio wakati pekee ambao nyumba hii hunipa nafasi ya kufikiri. Nina umri wa miaka 29, ni kitinda mimba katika familia ya watoto wanne, na ndiye niliyebaki nyumbani na Baba tangu Mama alipofariki miaka mitano iliyopita. Baba ana miaka 63. Alifundisha kwa zaidi ya miaka 30, na hadi leo akikutana na barua iliyoandikwa ovyo huchukua kalamu na kuisahihisha.

Baba amekunywa pombe tangu tukiwa wadogo, lakini ilikuwa ya jioni na ya mwisho wa wiki. Baada ya msiba alihamia kwenye pombe kali, kisha akaanza kuzimua asubuhi, na kufikia mwaka wa pili hakuwa tena na saa ya kunywa na saa ya kutokunywa. Usiku humeza pia vidonge vya usingizi, diazepamu, alivyoandikiwa siku zile za msiba. Hakuna aliyewahi kumwambia aviache, naye huvitafuta kila vinapokwisha.

Mwaka jana kaka yangu mkubwa alikuja na kusema yatosha. Nikueleze kwanza habari zake, ili usimwone mtu mbaya. Kaka alitumia unga kwa miaka kadhaa. Miaka tisa iliyopita alijifungia chumbani na rafiki yake mmoja kwa siku nane, akatapika, akalia, akagaagaa sakafuni kwa arosto, akatoka akiwa mzima, na hajarudi tena. Anaamini kwa moyo wake wote kwamba hiyo ndiyo njia, kwa kuwa ndiyo iliyomwokoa. Basi alimwaga chupa zote, akachukua na vidonge, akafunga mlango wa nje, akaweka ufunguo mfukoni.

Siku ya kwanza Baba alitokwa na jasho hadi shati likamganda mwilini, na mikono ikatetemeka asiweze kushika kijiko. Siku ya pili, saa nne asubuhi, nilisikia kishindo ukumbini. Nilimkuta chini, mwili umekakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kurukaruka, na mdomoni mna povu lenye damu kwa sababu alikuwa amejing'ata ulimi. Tulimkimbiza zahanati. Njiani Kaka alitusihi tusitaje pombe, Baba asije akaaibika mbele ya watu aliowafundisha. Tukasema ni homa imemwangusha, akapewa dawa za homa, na jioni ileile tukarudi naye. Usiku huo hakulala. Alikuwa akichuna wadudu kwenye shuka, wadudu ambao mimi sikuwaona, na aliniita kwa jina la Mama. Alfajiri, Kaka alipopitiwa na usingizi, nilichukua ufunguo, nikatoka kutafuta pombe, nikamnywesha kwa kijiko, halafu kwa kikombe. Jua lilipochomoza mikono ilikuwa imetulia, naye akaniita kwa jina langu.

Tangu siku hiyo, miezi 11 sasa, mimi ndiye ninayepima. Nina kikombe cha plastiki ambacho nimekichora mstari kwa rangi ya kucha. Humwamsha saa kumi alfajiri, kabla mtetemeko haujamwamsha wenyewe, nami hushika kikombe pamoja naye kwa kuwa meno yake hugongana na ukingo. Humpa tena saa nne, saa nane, jioni na kabla ya kulala. Kila kipimo nakiandika kwenye daftari pamoja na saa. Kwako sitaficha: mstari ule nimeuchora upya mara mbili, na mara zote mbili umepanda juu. Sijalala nje ya nyumba hii hata usiku mmoja, na nafasi ya kazi niliyoitiwa mji mwingine niliikataa bila kumwambia mtu sababu.

Sasa ndugu zangu wamegundua. Kaka amesema waziwazi, "Wewe ndiye unayemuua Baba." Wameitisha kikao cha familia wiki mbili zijazo. Nia yao ni kumfungia Baba tena, safari hii kwa siku kumi, na Kaka amepata kwa rafiki yake vidonge ambavyo mtu akivimeza kisha akanywa pombe hutapika na kuichukia kabisa. Anataka vichanganywe kwenye chakula chake bila yeye kujua. Dada zangu wamekubali. Wanasema Baba angekuwa anatupenda angeshaacha. Baba mwenyewe hasemi mengi. Siku moja tu, nikimsaidia kuvaa, aliniambia, "Mwanangu, sinywi tena kwa raha. Nanywa ili niweze kufunga vifungo."

Je, nimwachie Kaka ufunguo, au niendelee kupima? Nimefikiria hata kulichoma lile daftari kabla ya kikao, maana likisomwa pale litakuwa ushahidi dhidi yangu.

Mpima Kikombe

---

Marahaba, binti yangu.

Nikikuelewa vizuri, unaniuliza iwapo uendelee kumpimia baba yako au uwaachie ndugu zako wamkatize. Chini ya swali hilo nasikia jingine ambalo hukuliandika, nalo ni iwapo mkono unaoshika kile kikombe saa kumi alfajiri ni mkono wa mtu mwema. Hilo la pili sitaki likusubiri hadi mwisho wa barua. Ulimwona baba yako akipotea mbele ya macho yako, ukafanya kitu kimoja ulichokuwa na uwezo nacho, naye akarudi. Hata mtu ambaye hakubaliani na kila ulichokifanya baada ya hapo hawezi kukulaumu kwa alfajiri ile.

Nadhani ni vyema tuanze na yaliyomtokea, maana naona familia nzima inapanga kikao juu ya jambo ambalo bado hamjaelezwa. Kifafa kile hakikuwa homa, na wale wadudu wa kwenye shuka hawakuwa wazimu. Ni mwili uliokuwa ukikosa pombe.

Chukulia mlango unaosukumwa na mtu kutoka nje, mchana na usiku, kwa miaka mitano. Aliye ndani, asije akaangukiwa, hujifunza kuusukuma kwa nguvu ileile kutoka upande wake. Pombe huutuliza ubongo: huipa nguvu kemikali iitwayo gaba, ambayo kazi yake ni kupoza, na huizuia nyingine iitwayo glutamati, ambayo kazi yake ni kuchangamsha. Ubongo unaotulizwa hivyo kila siku hujirekebisha ili uweze kuendelea na kazi, ukapunguza usikivu wake kwa kile kinachopoza na kuongeza kile kinachochangamsha. Hapo ndipo mtu huanza kuhitaji kipimo kikubwa zaidi apate utulivu uleule, na ndiyo sababu mstari wako wa rangi ya kucha umepanda mara mbili bila wewe kupenda. Sasa yule wa nje akiondoka ghafla, yule wa ndani huanguka kifudifudi pamoja na mlango wake. Mtetemeko, jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, kifafa na maruweruwe yote ni anguko hilo.

Tena anguko hilo lina saa zake. Mtetemeko huanza saa 6 hivi baada ya kinywaji cha mwisho, na ndiyo maana baba yako haamki salama asubuhi. Kifafa huja mara nyingi kati ya saa 6 na saa 48. Kuweweseka kwenyewe, kule kuona visivyoonekana na kutotambua watu, pamoja na homa na shinikizo la damu kupanda, huja zaidi kati ya siku ya pili na ya nne, na hali hiyo isipotibiwa huua. Siku mliyomfungia baba yako, mwili wake ulifuata ratiba hiyo karibu saa kwa saa.

Hapa nataka nizungumze habari za kaka yako kwa heshima, maana umenitangulizia kwamba si mtu mbaya, nami naamini. Hesabu yake ya siku nane ni ya kweli, kwa unga. Heroini hushikilia sehemu nyingine za ubongo na mwili. Arosto yake huanza kabla ya siku kuisha, hupanda sana siku ya pili na ya tatu, kisha huanza kulegea ndani ya wiki moja hivi. Ni mateso makubwa mno, lakini mtu mzima mwenye afya, akipata maji ya kutosha, kwa kawaida hafi kwa arosto ya unga. Hatari kubwa ya unga huja baadaye, pale mwili unapokuwa umesahau kipimo cha zamani na mtu akarudi kukitumia kilekile. Kaka yako aliivuka hatari hiyo pia, na anastahili pongezi ambazo pengine hakuzipata kwa mtu yeyote. Ila amechukua ramani ya barabara moja akataka kumpitisha nayo baba yake kwenye barabara nyingine. Pombe, pamoja na vidonge vya jamii ya diazepamu, ndivyo ambavyo kuviacha kwa ghafla kunaweza kumuua mtu, hata awe na nia ya chuma.

Na mwaka jana mlimwondolea vyote viwili kwa siku moja. Diazepamu huusukuma mlango uleule unaosukumwa na pombe. Mtu aliyeimeza kila usiku kwa miaka mitano ana utegemezi wa aina mbili uliofumwa pamoja, na ule wa vidonge huweza kuchelewa kujionyesha kwa siku kadhaa, wakati ambapo ndugu wameshashusha pumzi wakidhani mambo yamekwisha. Vidonge hivyo hupunguzwa kidogokidogo, kwa wiki nyingi na wakati mwingine miezi, chini ya mtu anayejua hesabu yake.

Kuna neno la dada zako ambalo limenikaa: kwamba Baba angekuwa anawapenda angeshaacha. Naelewa uchungu uliolizaa, lakini sidhani kwamba ni kweli. Mwaka 1955, mjini Lexington, Marekani, daktari Harris Isbell na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa. Watu 10 waliokuwa wakitumikia vifungo, ambao zamani walikuwa waraibu wa mofini, walipewa pombe kila siku huku wakilishwa vizuri na kupewa vitamini. Waliokunywa kwa wiki nyingi, walipokatiziwa ghafla, walitetemeka na kutokwa jasho, baadhi wakapatwa na kifafa na baadhi wakaweweseka. Hadi wakati huo wengi walidhani kwamba maradhi hayo huletwa na lishe duni au udhaifu wa mtu. Ikaonekana kwamba ni mwili wowote uliozoeshwa pombe vya kutosha kisha ukanyang'anywa. Upendo wa baba kwa wanawe haukuwa na nafasi ya kuzuia jambo hilo, kama usivyoweza kuzuia mfupa uliovunjika usiume.

Mwenyewe alikueleza hayo kwa maneno machache kuliko yangu: ananywa ili aweze kufunga vifungo. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi. Mtu anayesema hivyo ameshaitenganisha raha na haja, na pengine anajua kwamba amenaswa. Katika barua yako yote sikuona mahali ambapo yeyote kati yenu alimuuliza Baba anataka nini. Kikao kimeitishwa, siku zimehesabiwa, vidonge vimetafutwa, na mwenye mwili hajaulizwa. Inawezekana mnamwogopa kwa kuwa ni baba, au mnamwona hana tena akili ya kuamua. Lakini yule anayesahihisha barua kwa kalamu bado yupo mle ndani.

Tuzitazame basi njia zilizo mbele yako, bila kuficha kilicho kigumu katika kila moja.

Ya kwanza ni kuendelea kupima kama unavyofanya. Pengine itakushangaza kusikia kwamba kazi yako hiyo ya kificho inafanywa mahali pengine mchana kweupe. Jijini Ottawa, nchini Kanada, tangu mwaka 2001 kuna mpango ambamo watu wasio na makazi, wenye utegemezi mkubwa na ambao njia nyingine zimewashinda, hupewa pombe iliyopimwa kwa saa maalumu. Nakutajia ili ujue kwamba kile ulichokigundua peke yako jikoni si upumbavu. Lakini tofauti ni kubwa. Kule mtu hutazamwa kabla ya kupewa, akionekana amelewa hunyimwa, na afya yake hufuatwa na wauguzi na madaktari. Wewe uko peke yako, mstari unapanda, na ini lake hakuna anayelipima. Zaidi ya hayo, kipimo chako cha kabla ya kulala kinakutana na diazepamu yake, na hivyo viwili vikiungana hupunguza pumzi. Mtu huweza kulala asiamke. Kati ya yote uliyoniandikia, hili ndilo lililonitia hofu kuliko kikombe cha alfajiri, na ningependa daktari alisikie kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha kuna jambo lisiloonekana. Mnywaji wa muda mrefu hupungukiwa na vitamini B1, iitwayo thayamini, kwa kuwa hula kidogo na utumbo wake hauifyonzi vizuri. Upungufu huo ukizidi hushambulia ubongo: macho huyumba, miguu hukosa mwelekeo, akili huchanganyikiwa, na watu hudhani amelewa tu. Akikosa tiba ya haraka, kumbukumbu huweza kuharibika zisirudi. Hospitali huizuia hali hiyo kwa sindano za thayamini. Ni dawa nyepesi kwa ugonjwa mzito hivyo, na husikitisha kwamba wengi huikosa kwa sababu tu hakuna aliyetaja pombe mlangoni.

Njia ya pili ni ile ya kaka yako. Nimejitahidi kuitazama kwa macho yake, maana naona ina upendo ndani, lakini siwezi kukuficha ninachokijua. Mtu aliyewahi kupatwa na kifafa cha kukosa pombe yuko katika hatari kubwa zaidi ya kukipata tena, kwa kuwa ubongo hukumbuka, na kila mkatizo huelekea kuwa mbaya kuliko uliotangulia. Kifafa cha awali, kuweweseka, umri wa zaidi ya miaka 60 na vidonge vya usingizi ni mambo ambayo lolote kati yake humfanya daktari asite kumruhusu mtu aache pombe akiwa nyumbani, na baba yako anayo yote manne. Chumba kilichofungwa kwa siku kumi bila mtaalamu kingekuwa hatari kwa uhai wake.

Kuhusu vile vidonge, kwa maelezo yako nadhani ni disulfiramu, dawa ambayo madaktari wa Denmark waliitangaza mwaka 1948. Huzuia mwili usimalize kuivunja pombe, sumu ikabaki katika damu, uso ukawaka, moyo ukaenda mbio, mtu akatapika na shinikizo likashuka. Imewasaidia watu wengi waliokubali wenyewe kuimeza baada ya kuwa wameshaacha, wakijua wazi kitakachowapata wakinywa. Akichanganyiwa kisirisiri mzee ambaye ana pombe mwilini wakati huohuo, inaweza kumsimamisha moyo. Tena hubaki mwilini hadi wiki mbili. Na hata angesalimika, siku atakayojua kwamba wanawe walimtilia dawa kwenye sahani, sijui angekula tena kwa mkono wa nani.

Njia ya tatu ndiyo ambayo familia yenu haijaijaribu hata mara moja, japo mlifika hadi mlangoni pake: kumpeleka hospitali na kusema ukweli. Huko mtu huweza kulazwa, mara nyingi kwa siku 5 hadi 7, akapewa dawa za jamii ileile ya diazepamu kwa kipimo kinachoanzia juu na kushuka kila siku. Yaani wanauegemea mlango badala ya pombe, kisha wanauachia polepole, huku wakipima mapigo, jasho na mtetemeko wake. Vidonge vyake vya usiku vitahitaji mpango wao wenyewe, mrefu zaidi. Njia hii nayo ina ugumu wake. Baba anaweza kukataa, na akiwa na akili timamu kukataa ni haki yake. Huenda msipate nafasi haraka, au mkakutana na mhudumu atakayewadharau. Nyumba za soba, zile wanakokaa watu wanaoacha ulevi, ziko zinazosaidia sana, lakini si zote zenye daktari, na kwa mtu mwenye historia ya kifafa ningeuliza kwanza iwapo yupo tabibu wa usiku.

Wala usiende ukidhani wiki hiyo moja itamaliza kila kitu. Wiki hiyo husafisha mwili tu. Usingizi huchukua wiki au miezi kurudi, hamu ya pombe huja kwa mawimbi, na huzuni iliyokuwa imefunikwa huinuka. Zipo dawa zinazosaidia kupunguza hamu, kama naltreksoni na akamprosati, na upo msaada wa watu waliopitia njia hiyo. Nami nikitazama tarehe zako, naona baba aliyempoteza mkewe akapewa vidonge, na sijui kama kuna aliyewahi kuketi naye wakazungumza juu ya mama yenu.

Kuhusu kikao, nadhani unakitazama kama mahakama kwa sababu utakuwa upande wa kushtakiwa. Huenda kingekuwa kitu kingine kama ungezungumza na kaka yako kabla, ninyi wawili tu. Usianze na kosa lake la mwaka jana. Hilo analijua, na nahisi kwamba sauti yake kali inatoka hukohuko. Muulize habari za zile siku nane. Muulize ni nini kilichomtisha kuliko vyote, na rafiki yule alifanya nini usiku wa tatu. Halafu mwambie kwamba dawa iliyomshika Baba ni ya namna nyingine. Yeye ndiye mtu pekee katika familia yenu anayejua kwa mwili wake mwenyewe maana ya kukosa kitu ambacho mwili unakidai. Ningetamani awe ndiye atakayeketi na Baba hospitalini.

Na Baba mwenyewe, kama utaamua kuzungumza naye, chagua nusu saa baada ya kikombe cha alfajiri, mikono ikiwa imetulia na kichwa bado kiko wazi. Unaweza kuanzia na maneno yake: "Baba, uliniambia habari za vifungo." Kisha nyamaza umsikilize. Akikataa habari za hospitali siku hiyo, si lazima iwe mwisho. Wengi hukataa mara kadhaa kabla hawajakubali, hasa kama wanaogopa kurudiwa na kile walichokiona mara ya kwanza. Pengine hajui kwamba kuna namna ya kuacha isiyo na wadudu kwenye shuka.

Iwapo kabla ya hayo yote kutatokea kifafa tena, mlaze kwa ubavu, sogeza vitu vigumu mbali naye, usimtie kitu chochote mdomoni, utazame saa, na umpeleke hospitali hata kama kitakuwa kimekwisha. Fanya hivyo pia ukimwona anaweweseka, ana homa, au anashindwa kuamka na pumzi zake zimekuwa chache. Na safari hii mtajie daktari pombe na diazepamu kwa majina, mbele ya watu wote walioko pale. Aibu ya dakika moja mnaweza kuibeba.

Sasa lile daftari. Nakuomba usilichome. Unaliona kuwa ushahidi dhidi yako, lakini kila daktari atakayempokea baba yako atauliza anakunywa kiasi gani kwa siku, kipimo cha mwisho kilikuwa saa ngapi, ameongeza lini, na vidonge vingapi usiku. Familia nyingi hujibu kwa kukisia, na dawa hupimwa kwa kukisia huko. Wewe una miezi 11 kwa mwandiko wako. Ongeza tarehe ya kile kifafa na habari za usiku wa wadudu, uweke daftari kwenye mkoba pamoja na ile karatasi ya vidonge.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe. Umeikataa kazi bila kumwambia mtu sababu, na hujalala usiku mzima kwa karibu mwaka. Mtu mwingine mmoja katika familia anahitaji kujua ule mstari wa rangi ya kucha uko wapi na saa zake ni zipi, hata iwe kwa usiku mmoja, ili uweze kulala mahali pengine na kuamka jua likiwa limetoka. Labda ni dada yako mmojawapo. Kumwomba itakuwa vigumu, kwa kuwa itambidi akishike kikombe kile na ayasikie yale meno.

Niandikie baada ya kikao, hata kama hamtakuwa mmeamua lolote.

Mshauri wako